Hatua Themanini na Sita

Nilichelewa mazishi ya Faki kwa siku tatu, nikafika kwenye hitima. Kwa mtu anayejipatia riziki kwa kuandika makala juu ya tabia za watu wengine, hilo si ajabu; kufika baada ya jambo kwisha ndiyo kazi yangu. Nilivua viatu kwenye baraza la nyumba yao pale Mgogoni, nikapenya baina ya magoti ya watu, nikapata pa kukaa karibu na mzee mmoja jirani ambaye macho yake yamefifia lakini ulimi wake haujapungua kitu. Akanishika mkono, akaupapasa kama anayechagua muhogo sokoni, kisha akawageukia wenziwe na kusema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni: "Mnamjua yuno? Yuno ndiye Maalim aliyemtembeza Faki mwaka ule alipoanguka. Kama si yeye, marehemu asingenyanyuka kitandani." Watu wakaniombea dua. Mmoja akanisogezea upande wa sinia wenye nyama zaidi. Nami, ambaye nimewahi kubishana na mhariri wiki nzima kwa ajili ya mkato mmoja, sikusahihisha hata neno. Nilikula ile nyama huku nimeinamisha uso, nikitumaini kwamba watadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi kweli, lakini hayakuwa peke yake.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa na shahada mpya kutoka Dar es Salaam, suruali mbili za kitambaa, na sikuwa na kazi. Barua ya ajira niliyoahidiwa ilikuwa njiani, na kwa jinsi ilivyochelewa nadhani ilikuwa inakuja kwa miguu. Kijijini wakaanza kuniita Maalim ingawa sikuwa nimefundisha hata paka. Na Faki tulisoma pamoja chuo cha Kurani, tukichapwa kwa mkwaju mmoja. Baadaye mimi nikapanda vidato na yeye akapanda mikarafuu, na kusema kweli yeye alipanda vizuri zaidi. Alikuwa mchumaji wa kileleni, wale wanaotumwa kwenye matawi ambayo wenzao huyatazama tu kwa chini. Lakini tawi la mkarafuu halina adabu ya kuonya. Miti mingine hulia kabla ya kuvunjika. Mkarafuu unakuachia tu. Vuli ile ulimwachia Faki. Watu wanne walimbeba kwa kitanda cha kamba kutoka shambani mpaka barabarani, na kutoka hapo akapelekwa hospitali, kisha ng'ambo Unguja, akakaa huko miezi. Alirudi na magongo mawili, miguu iliyosahau kazi yake, na karatasi ya mtaalamu wa viungo iliyosema atembee kila siku na aongeze kidogo kidogo.

Mama yake, Bi Mize, hakungoja karatasi. Kule kwenye ukumbi wa hospitali, mwanawe akiwa bado hajui hata jina lake, alikwisha kuweka nadhiri: Faki akiingia msikitini kwa miguu yake mwenyewe, yeye atasomesha maulidi na kuchinja mbuzi. Aliitamka mbele ya watu, na nadhiri ikishatamkwa haimezwi tena. Kwa hiyo Faki aliporudi, njia ilikuwa imekwisha kuchorwa. Hapa mlango wa nyumba, pale msikiti, na katikati njia ya udongo mwekundu inayopita penye kalvati, kile kidaraja cha saruji ambacho maji ya mvua hupita chini yake. Niliipima njia ile kwa hatua fupi za mtu wa magongo, nikipiga hatua moja baada ya nyingine mbele ya watoto waliodhani nimerukwa na akili. Zilikuwa mia mbili na kumi.

Sikumbuki nani alinipa kazi ya ukufunzi. Nadhani nilijipa. Nilikuwa na kitabu cha mazoezi ya mwili nilichokiazima maktaba ya chuo kikuu na kusahau kukirudisha, na nilikuwa nimesoma somo moja la saikolojia, nikapita kwa tabu. Mimi mwenyewe zoezi langu kubwa maishani lilikuwa kupanda ngazi za maktaba hiyo, na hata hizo nilikuwa nikipumzika katikati nikijifanya natazama matangazo. Lakini nilinunua daftari la miraba, nikachora mistari miwili, mmoja wa siku na mmoja wa hatua, na kila asubuhi baada ya jua kuchomoza nikawa mlangoni kwa Faki na kalamu sikioni. Siku ya kwanza alikwenda hatua tatu, akatapika. Nikaandika: tatu. Wiki ile ilipokwisha zilikuwa kumi na moja. Mstari wangu ukaanza kupanda, na hakuna furaha kama ya msomi asiye na kazi akiona mstari wake unapanda.

Chumba cha Faki kilikuwa na dirisha moja linalotazama uani, na uani, chini ya mshelisheli, alifungwa ng'ombe wao, Shuwari. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kama anataka kujikuna. Bi Mize alimkama kila alfajiri, akimsemesha muda wote, na mazungumzo yale ndiyo yaliyomwamsha Faki: habari za nani kaolewa, nani kakosa mvua, nani kamtukana nani kisimani. Shuwari alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wengi wetu. Maziwa yake yalikwenda kwa majirani kwa kopo, mengine yakagandishwa, na yaliyobaki yakaingia kwenye chai ya tangawizi ambayo sijapata tena mfano wake. Baada ya mazoezi nilikuwa nakaribishwa kwenye mkeka, muhogo wa kuchemsha, samaki wa jana aliyepashwa moto, chai ya maziwa mpaka kikombe kinateleza mkononi. Kwa hiyo mgonjwa aliongezeka hatua na mkufunzi akaongezeka kiuno. Nilikuwa na haraka sana na ile chai. Faki akifika alipofika, nilikuwa naandika namba, nafunga daftari, na kutangulia nyumbani.

Zilipofika themanini na sita tulikuwa tumefika kalvatini. Siku ile Bi Mize alipiga vigelegele peke yake. Kesho yake, themanini na sita. Keshokutwa, themanini na sita. Faki alikuwa anafika, anagusa ukingo wa saruji kwa ncha ya gongo kama mtu anayegonga mlango wa watu waliolala, kisha anageuka. Wiki ya kwanza nikasema ni uchovu. Wiki ya tatu nikafungua kitabu. Kitabu kilieleza kwamba mwili hupanda kama mpanda kilima, kisha hufika tambarare, ukakataa kupanda, na kwamba wengi huacha hapo kwa sababu hamu huwaishia kabla ya nguvu. Kikatoa dawa: badili saa, badili mwendo, pumzika kisha uanze upya, zaidi ya yote tafuta lengo la kukuvuta. Nikazijaribu zote. Tulitembea jioni badala ya asubuhi. Tulihesabu kwa kurudi nyuma, kutoka themanini na sita kwenda moja, jambo lililomfanya acheke mpaka gongo likamponyoka. Nilimsinga mapaja kwa mafuta ya karafuu, nikapata malengelenge mimi. Nilimpumzisha siku tatu nzima. Siku ya nne alitoka, akafika kalvatini, akagonga, akageuka.

"Faki, unasikia maumivu?"

"Kidogo."

"Unachoka?"

"Sana, hapana."

"Basi ongeza moja tu. Hatua moja, yakhe!"

"Kesho," akasema. "Tangulia, chai itapoa."

Sasa nina umri ambao daktari ananiambia nami nitembee. Simu yangu inanihesabia hatua na kunipongeza, na wiki ya sita iliacha kunipongeza, ikaanza kunihimiza kwa maneno ambayo niliyatambua mara moja. Yalikuwa maneno yangu. Mtu anayehimizwa huwa hana njia nzuri ya kujibu. Akikubali anajidanganya, akikataa anaitwa mvivu. Faki alichagua njia ya tatu, ya kusema kesho, na mimi nikadhani hilo ni tatizo linalohitaji ufumbuzi.

Karafuu zikaanza tena. Jioni moja wanawake walikuwa wamekaa ukumbini kwa Bi Mize wakizichambua, mikono inakwenda yenyewe, karafuu upande huu na vikonyo upande ule, na harufu imejaa mpaka kwenye maji ya kunywa. Nami nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani nikijifanya nasaidia. Jirani yao, Bi Raya, mwanamke ambaye hakuogopa cheti cha mtu, akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Maalim, na weye lini utatembezwa? Naona tumbo linakutangulia."

"Tumbo la msomi ni maktaba, Bi Raya."

"Ala! Basi hiyo maktaba imejaa mihogo ya Mize."

Wakacheka mpaka wakachanganya vikonyo na karafuu. Bi Mize alicheka kidogo tu. Kisha akaniuliza, bila ya kuinua macho kwenye jamvi, "Mwanangu kakwama wapi, Maalim? Nambie kwa maneno ya kitabu, nitajaribu kufahamu." Nikamweleza habari za tambarare. Nilieleza vizuri, naona haya kukumbuka jinsi nilivyoeleza vizuri. Nikamalizia kwamba Faki anahitaji kitu cha kumvuta.

"Si ana maulidi na mbuzi?"

"Pengine amekwisha kuvizoea. Lengo likizoeleka halivuti tena. Linatakiwa kubwa zaidi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kuliko lililopo," nikasema, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema, na kitabu hakikuwa na ng'ombe.

Bi Mize akaacha kuchambua. Akakung'uta vumbi la karafuu kwenye mapaja, akainua viganja viwili, na mbele ya wanawake sita na mimi akasema: "Mwanangu Faki akiingia msikitini kwa miguu yake, basi Shuwari nitamchinja awe sadaka, wale watu wote, nami nisibakishe hata ngozi." Hakuna aliyecheka tena. Bi Raya alisema taratibu, "Mize, mwana we, si ungesema kondoo?" Lakini lilikuwa limetoka. Nilitazama dirisha la Faki. Lilikuwa wazi.

Asubuhi iliyofuata, themanini na sita.

Ikapita karibu miezi miwili ya namna hiyo. Mstari kwenye daftari langu ukawa umenyooka kama uzi wa fundi. Bi Mize akawa hanywi tena chai ya maziwa, anasema anamwachia mgonjwa, na kila siku baada ya alasiri nilimsikia nyuma ya ukuta wa makuti akiomba, akimkumbusha Mungu kwa upole kwamba ng'ombe yupo, ameshiba, yuko tayari. Kisha asubuhi moja nilifika mapema, nikamkuta Faki uani. Alikuwa amesimama bila ya magongo, ameegemea ubavu wa Shuwari, shavu lake limelala juu ya nundu, na mkono wake unampapasa chini ya shingo pale ng'ombe wanapopenda. Alikuwa anamwambia, "Mie na weye, bibi, tumefungwa kamba moja."

Nilirudi nyuma polepole mpaka barabarani, moyo unanidunda kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Nimeandika makala mia kadhaa tangu siku hiyo na sijapata tena uhakika wa namna ile. Kila kitu kikajipanga. Hakuwa amekwama! Alikuwa anakataa. Kila asubuhi mwanamume yule alikuwa anasimama kalvatini kwa mapenzi ya mama yake, ili mama asipoteze ng'ombe wake na mwenziwe wa kuzungumza. Na kila mama alipopandisha nadhiri kwa mapenzi ya mwana, mwana alizidi kusimama. Ilikuwa nzuri mno hata sikukumbuka kwamba alianza kusimama kabla ya nadhiri ya ng'ombe, na mimi nilikuwa na udhaifu wa kudhani kwamba jambo likiwa zuri basi ni la kweli. Nilipomkabili Faki siku ile kalvatini, nikamwambia "nimejua kwa nini huvuki," alinitazama kwa mshtuko, kisha akauliza, "Umejua?" Nikamwambia, "Ni Shuwari." Kisha akatabasamu, akasema, "Weye ndo msomi," akageuka. Sikuona kwamba hilo halikuwa jibu.

Nilimwambia Bi Mize siku hiyo hiyo. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna hata nyama ilipokwisha na meno ya mbuzi ya kukunia yakawa yanakwaruza kifuu.

"Ananihurumia mie?" akasema mwishowe.

"Anakupenda, Bi Mize."

"Najua ananipenda. Nauliza, mguu wake anaufunga kwa ajili yangu?"

"Ndivyo ninavyoona."

Akavaa buibui akaenda kwa imamu. Sikuhudhuria mazungumzo yale. Alinisimulia yeye mwenyewe. Alimwuliza kama anaweza kuitoa nadhiri kabla ya sharti lake kutimia, ili mwanawe abaki hana cha kulinda. Imamu, mzee mpole asiyependa kuwakatia watu maneno, alifikiri sana, akamwambia kwamba mtu akitanguliza wema wake Mwenyezi Mungu haukatai, lakini asubiri kwanza, azungumze na mwanawe. Bi Mize alichukua nusu ya jibu. Wanawake wa kwetu wanapokwisha kuamua, hata imamu huulizwa kwa heshima tu.

Shuwari alichinjwa Alhamisi. Alfajiri Bi Mize alimkama kama siku zote, akimsemesha kama siku zote. Tofauti ni kwamba siku ile hakumpa habari za mtu, alimsomea dua. Kisha akatia maziwa kwenye chai, akampelekea Faki. Wanaume wakaja na kamba. Mchana kijiji kizima kilikula pilau pale uani, watoto wakapewa mifupa, Bi Raya akasonya kila alipopita karibu yangu, na Bi Mize akapakua sahani ya kila mtu kwa mkono wake na hakula. Nilimkuta Faki chumbani, dirisha limefungwa.

"Nani kamwambia?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa kutetemeka. Nilisema kwa fahari. "Sasa hakuna cha kukuzuia, yakhe."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba yake inavyoungua na aliyeiwasha anaomba kusifiwa kwa mwanga. Kisha akainamisha kichwa. "Kesho ni Ijumaa," akasema. "Basi n'takwenda."

Alitoka saa sita kasorobo, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, kofia mpya. Watu walikuwa wamejipanga kando ya njia kama siku ya kumpokea waziri, isipokuwa kwamba huyu walikuwa wanamtaka. Wanawake walikuwa vizingitini. Bi Mize alisimama mlangoni, mikono yote miwili mdomoni. Mimi nilikuwa ubavuni mwa Faki na daftari, nikihesabu kwa sauti. Themanini na nne. Themanini na tano. Themanini na sita. Gongo lilipita ukingo wa kalvati bila ya kuugusa, na nikasikia vigelegele vinapanda nyuma yetu kutoka nyumba hadi nyumba. Nilikuwa sahihi! Tisini. Mia. Jasho likaanza kumtoka kwenye masikio. Mia na thelathini, na mwadhini akaanza adhana, na watu wakawa wanamwita kwa jina, "Faki! Faki! Twende!" Mia na sitini. Niliona magoti yake yanatikisika chini ya kanzu, nikadhani ni upepo. Hapakuwa na upepo. Kufika mia na sabini alikuwa haangalii tena mbele, anaangalia mguu mmoja, kisha mwingine, kwa ule uangalifu wa mtu anayehesabu fedha za watu. Mia na sabini na nne akaanguka.

Hakuanguka kwa kishindo. Aliachwa tu, kama na lile tawi. Alijaribu kunyanyuka akaanguka tena, na mara ya tatu miguu haikujibu kabisa. Nilimwambia apumzike kidogo tutamalizia, bado thelathini na sita tu, Faki, thelathini na sita! Mtu mmoja akanikemea ninyamaze. Ndani ya msikiti khutba ilikuwa inaanza na watu hawakujua waende au wabaki; mwishowe wakaenda, mmoja mmoja, wakipita kando yake wakiinamisha macho, na hapo ndipo nilipofahamu aibu ni nini. Bi Mize alifika anakimbia, ndala moja imebaki njiani. Akapiga magoti, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga. "Nisamehe, mama," Faki akasema. Akamjibu, "Nikusamehe nini, mwanangu? Mie nikusamehe weye?" na akalirudia hilo mara nyingi, sauti ikishuka kila mara. Baada ya sala watu wanne walimbeba mpaka nyumbani. Alifumba macho njia nzima.

Asubuhi nilikwenda, maana sikujua namna ya kutokwenda. Bi Mize alinikaribisha kwenye mkeka ule ule. Akanimiminia chai, akasita, akasema, "Utanisamehe, Maalim. Leo chai ya rangi." Hakusema kwa kejeli. Hakuwahi kunilaumu, wala siku hiyo, wala miaka yote niliyokuwa nikipita likizo kumwamkia, na chai ikawa ya rangi mpaka alipokufa. Uani kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mshelisheli, na alfajiri, aliniambia Faki baadaye, mama yake aliendelea kuamka saa ile ile na kukaa kwenye kigoda, kimya.

Barua yangu ya ajira ilifika mwezi uliofuata. Siku ya kuaga nilimkuta Faki mlangoni kwao, anatoka na magongo yake. Alikuwa ameanza tena, mwenyewe, bila ya mtu wa kumhesabia. Nilikwenda naye hatua kwa hatua, nikihesabu kwa mazoea ingawa sina daftari, sijui mikono yangu niiweke wapi. Alisimama penye uzio wa jirani, mbali kabla ya kalvati, akapumua.

"Nikuulize," nikasema. "Siku zile. Ulikuwa unasimama kwa ajili ya Shuwari?"

"Shuwari nlikuwa nampenda tu."

"Sasa mbona ulikuwa unasimama?"

Akanitazama kama anaona taabu kumwambia mtu mzima jambo hilo. "Yakhe, weye ulikuwa unahesabu kwenda. Kila siku nikifika kalvatini unafunga buku lako unakimbilia chai. Mie huku nyuma nlikuwa na safari nyingine, ya kurudi. Ningekwenda mbele zaidi ya pale, nani angenirudisha?"

"Sisi! Tungekubeba!"

"Ndo hivyo," akasema. "Nlibebwa siku ile ya mkarafuu, natazama majani juu, watu wananiuliza Faki upo, na mie nawasikia siwezi kujibu. Nikaapa, madhali nna uhai sibebwi tena. Hatua zangu zilikuwa hizo. Nlikuwa nazigawa nusu kwa nusu. Nikisema taratibu, pengine mwakani zingefika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nlikuwa naona haya. Halafu ukaja na habari za ng'ombe, ukanipamba, mwanamume anayesimama kwa mapenzi ya mama yake. Ikawa nzuri kuliko kweli. Nikakuachia." Akapangusa jasho. "Ningejua utakwenda kumwambia, wallahi ningekwambia."

Akaanza kugeuka. Kugeuka kwa mtu wa magongo ni kazi: gongo moja, mguu, gongo la pili, kungoja, mguu. Muda wote ule sikuwahi kutazama anavyogeuka. Nilisimama mpaka alipomaliza, kisha nikaenda naye pole pole mpaka mlangoni kwao, hatua zake zikifupika, nikihesabu moyoni. Kwenda zilikuwa arobaini. Kurudi, kwa miguu ile ile na njia ile ile, zilikuwa hamsini na tatu.